Fungua Gari Kabla Hujamwita Mtu Ndoki

Kuna siku moja naikumbuka hata nikiwa katikati ya rozari, na ikija inanikatiza sala. Ni siku ya jua kali pale Simi-Simi, juu ya lami ya zamani ya ndege, siku niliyofungua mdomo wangu mara moja tu nikamharibia mtu jina. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Leo nina wajukuu saba, na mmoja wao, ndiye wewe Dieumerci, Jumapili iliyopita umefungua mdomo kama ule mahali palepale. Kaa chini, mwanangu. Leo koko wako, bibi yako, habembelezi mtu.

Na ninyi wengine mnaokimbiza vigari vya telekomande, vya kuendeshwa kwa rimoti, kila Jumapili, sikilizeni pia. Mlikuwa pale. Mlicheka.

Nitasema nilichokiona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki na mwavuli wangu, nikijivuna mbele ya wamama wenzangu: yule wa gari la bluu ni wangu, mtazameni mikono yake. Ulikuwa mbele ya wote. Ilibaki mizunguko miwili. Halafu matako ya gari yakageuka, likaruka, likapiga tofali. Je, uliinama kulitazama? Hapana. Ulinyoosha kidole kwa Mama Véro, mjane anayekaanga mikate kando ya lami, ukapiga kelele: «Njo huyu! Asubuhi alipita kwa meza yangu, akaangalia gari yangu muzuri-muzuri! Ndoki!» Na mmoja wenu, simjui mama yake na heri nisimjue, akatema chini mkate aliokuwa anatafuna. Mkate ambao Mama Véro alimpa wa bure, kwa sababu alisema ana njaa.

Ndoki. Mchawi. Neno fupi, mnalitema kama kokwa la tunda la nsafu. Mbaazi ikikosa maua husingizia jua. Ninyi visi, skrubu ndogo tu, ikianguka mnasingizia mjane.

Mnafikiri koko hajui vigari. Mnafikiri nakuja pale kupunga hewa. Bon. Mimi nilishika gari la telekomande wakati nchi hii ingali inaitwa Zaïre, baba zenu hawajazaliwa.

Nilitoka Yanonge na darasa nne tu kichwani, nikaja kukaa kwa tonton Bofando, mdogo wa mama yangu. Alikuwa mtengeneza saa. Alikuwa na meza ndogo sokoni, na kioo kimoja cha kukuzia alichokibana jichoni mpaka ngozi ikafanya alama. Siku hizo matajiri walianza kuwaletea watoto wao vigari hivi kutoka mbali, na watoto wakiviharibu, nani atavitengeneza? Fundi wa magari makubwa ana vidole kama ndizi. Basi viliishia kwa tonton.

Kimoja kililetwa, mwenyewe hakurudi kukichukua. Tonton akanisukumia: «Shika. Vidole yako ilishona nyavu, itaweza.» Na iliweza, mwanangu. Sitajificha, niliweza kuliko wavulana wote wa mji huu. Nilijua kuzungusha gurudumu kwa kidole kimoja na kusikia kama bereng, beringi ya ndani, imekula vumbi. Nilijua kupima tumbo la gari lisiburuze chini, kwa kulipitisha juu ya kiberiti: mbele kiingie kwa shida, nyuma kiingie bila shida. Nilijua kuinamisha magurudumu kidogo kwa juu ili yashike lami kwenye kona, na baada ya mbio kutazama mpira umelika upande gani, kwa sababu mpira hausemi uongo. Kila Jumamosi nilifungua gari lote, nikapanga visi kwenye sahani ya bati kwa safu, nikapiga vumbi kwa brashi, nikarudisha. Tonton hakuwahi kusema «umefanya vizuri». Alisema tu: «Rudia ile ya nyuma.»

Na nilikuwa na rafiki, Kavira. Baba yake alitoka Kivu, aliuza maharagwe na chumvi kwa jumla hapa mjini, katika komini ya Kisangani. Tuliimba benchi moja kwenye kwaya. Naye alikuwa na gari lake, jeupe. Tulikimbizana, tukatukanana, tukala sahani moja. «Ninyi watu wa mto,» alinitania, «munajua kukimbiza samaki tu.» Nami namjibu: «Ninyi watu wa milima, gari yenu inataka kupanda tu, ikiona tambarare inalala.» Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Lakini siku moja alisema ule utani wa samaki mbele ya vijana wengi, na wao wakacheka zaidi ya ilivyopasa. Nami nikavimba. Nilivimba kama chikwange ya muhogo ndani ya maji. Sikumwambia kitu. Nilibaki na hasira yangu tumboni, naichemsha.

Sasa sikia kosa lenyewe. Gari hizi zina vibomba vinne, kimoja kwa kila gurudumu, tunaviita amortisa. Ndani mna mafuta maalum, mazito kiasi chake, yanayozuia gari lisirukeruke kama mbuzi aliyefunguliwa. Wiki ile mafuta yetu yaliisha. Kibomba cha nyuma upande wa kushoto kilikuwa kitupu. Tonton akaniambia: «Enda kwa Kavira, iko na chupa. Akupe matone mbili-tatu.»

Nikasema, «Ndiyo, tonton.» Sikuenda. Mimi, mtu wa samaki, niende nikaombe kwa yule? Nikaingia jikoni kwa mke wa tonton, nikachota mawese kwa kijiko, nikayamimina ndani ya kibomba, nikafunga.

Usicheke. Asubuhi na mapema yale mawese yalikuwa yameganda vizuri, mazito, na nilipojaribu gari uani lilikaa chini kama malkia. Nilijiona mwenye akili kuliko kiwanda kilicholitengeneza. Kila mwanamke wa mji huu anajua mawese yanafanya nini jua likipanda. Mimi pia nilijua. Nimeyachemsha tangu utoto. Lakini kiburi kikiingia mlangoni, hata lile unalolijua linatoka dirishani.

Saa saba mchana lami ya Simi-Simi inachoma unyayo kupitia kandambili. Tulipanga mbio kwa zamu, na desturi ilikuwa, na ni nzuri, muifuate na ninyi: ambao si zamu yao wanasimama kwenye kona kuyainua magari yanayopinduka. Kavira alisimama kwenye kona kali ya kulia. Kona nyingine zote pale zilikuwa za kushoto. Shika hilo.

Tukaanza. Kushoto, kushoto, gari linakwenda kama limepakwa asali. Likafika kona ya kulia, likageuka mkia. Kavira akalikimbilia, akaliweka sawa, akanipungia mkono niendelee. Mzunguko wa pili, kushoto sawa, kulia, likageuka. Wa tatu hivyohivyo. Palepale, mbele ya miguu ya Kavira. Watu wakaanza kuguna. Mwanamume mmoja, mlevi wa mchana, akasema kwa mzaha: «Eh! Ikifika kwa huyu mutoto ya Kivu, inageuka! Iko na kitu kwa mukono!»

Ni mzaha tu. Ungekufa pale kama moshi wa kiberiti. Mimi ndiye niliyeupulizia.

Nilitupa telekomande chini, nikasimama juu ya kreti la bia, nikapiga yowe kwa sauti yangu ya kuitana ng'ambo kwa ng'ambo ya mto: «Kavira ni ndoki! Ameifunga gari yangu!»

Na nikuambie jambo ambalo sikumwambia hata padri kwa miaka mingi. Nilipokuwa napiga yowe, nilikuwa nimeshawaza mawese. Yalikuwa yamenijia kichwani tangu gari lilipogeuka mara ya pili. Nilijua, mwanangu. Si kwamba nilidanganyika. Nilikuwa na jibu mkononi, nikaona heri mwenzangu aitwe mchawi kuliko mimi niitwe mjinga.

Kavira hakulia. Alisimama na gari langu mikononi, alikuwa ameliokota anipe. Akaniangalia. Watu wakarudi nyuma kutoka kwake, hatua moja, hatua mbili, mpaka akabaki peke yake kwenye kona kama mti uliopigwa na radi.

Kesho yake asubuhi tonton aliweka gari mezani, kati ya saa za watu. Akabana kioo jichoni. Akapitisha kidole kwenye mpira wa nyuma wa kushoto. Akakinusa. Akakiramba.

«Mutoto, hii njo nini?»

«Mafuta, tonton.»

«Mafuta gani?»

«Ya gari.»

«Gari inapika mboga ya pondu sasa?»

Akafungua kibomba, mawese yakamwagika mekundu juu ya kitambaa cheupe anachofutia saa. Kile kiraba kidogo cha kuzuia mafuta kilikuwa kimelegea na kuvimba. Akanieleza polepole, kama anamweleza mtu asiyejua jina lake: jua limeyayeyusha, yamevuja, yamepaka mpira wa kushoto. Kwenye kona za kushoto gari linaegemea mipira ya kulia, hiyo ilikuwa mikavu. Kwenye kona ya kulia linaegemea ya kushoto, na ya nyuma imepakwa mafuta. «Alors, itageuka wapi? Itageuka kwa kona ya kulia. Hata kama kwa ile kona kungesimama Bikira Maria, ingegeuka.»

Kisha akatoa kioo jichoni, na huyo mtu mpole ambaye hakuwahi kunipiga akapiga meza mpaka saa zikaruka. «Beba hii gari vile iko! Usiifute! Enda kwa soko, mbele ya duka ya baba yake, onyesha watu ile mupira, sema ni weye.»

Nikasema, «Tonton, nitamwambia mwenyewe, polepole, tukiwa wawili.»

Akanitazama. «Ulimuita ndoki polepole?»

Akaendelea: «Ulipanda juu ya kreti. Basi toba yako nayo ipande juu ya kreti. Sauti ileile. Leo.»

Leo, alisema. Unajua nilifanya nini? Nililibeba gari, nikatoka kama ninakwenda sokoni, nikapita nyuma ya nyumba, nikalisugua kwa petroli na sabuni mpaka likang'aa. Nilijiambia nitakwenda kesho, nikiwa nimevaa vizuri. Kesho ikawa kesho nyingine. Tonton nilimdanganya kwamba nimesema, watu wakakataa kusikia. Mficha uchi hazai, na mimi nilijificha wiki tatu.

Wiki tatu ni nyingi kwa neno lililofunguliwa. Wanawake walikuja dukani kwao Kavira wakisema: «Usinipe kwa mukono. Weka maharagwe chini, nitaokota mwenyewe.» Kwenye kwaya benchi letu likawa refu, yeye huku, wengine kule, na katikati nafasi ya watu wanne. Mimi nilikaa kule. Kulikuwa na familia moja iliyokuja kumposa, watu wa heshima kutoka Isangi. Waliacha kuja. Hawakutuma hata neno.

Jumapili ya nne nikaona siwezi tena kujificha. Nikaenda Simi-Simi, nikapanda kreti, nikasema yote: mawese, kijiko, kiburi. Nilisema kwa sauti, naapa. Na watu wakanijibu nini? Mwanamke mmoja alinyanyua gari langu, akaligeuza, akanionyesha: «Mafuta iko wapi? Iko safi.» Na yule mlevi, ambaye siku ile hakuwa amelewa, akatikisa kichwa: «Masikini. Amemuroga hata mudomo, aseme hivi.»

Umesikia? Walisema Kavira amenifunga mimi pia. Ukweli wangu nao wakaufanya ushahidi dhidi yake. Maana nilikuja nao bila mafuta kwenye mpira, umechelewa na umeoshwa.

Nikakimbia mpaka dukani. Walikuwa wanapakia magunia kwenye lori, wanarudi Butembo. Kavira alikuwa anafunga kamba. Nikapiga magoti kwenye matope, nikamwambia nimesema, nimewaambia wote. Hakunifukuza. Alimaliza kufunga fundo kwanza, mtu wa kazi alikuwa, halafu akasema: «Ulifuta mupira. Jina yangu haukuifuta.» Akapanda juu ya magunia. Lori likaondoka. Sikumwona tena, wala sijui kama aliolewa, kama anaishi, kama vita vya kule vilimwacha.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nina wajukuu saba na majuto mamoja, na wote saba nikiwabeba mgongoni hawafikii uzito wake.

Sasa nirudi kwako, Dieumerci, na unitazame usoni ninapokusema. Jumapili ile, wewe ulipokuwa unasimulia marafiki zako jinsi ulivyorogwa, mimi nililiokota gari lako. Nimelifunga ndani ya kitenge changu na limelala chini ya kitanda changu siku mbili, na hakuna mtu aliyeligusa. Jana nilivaa miwani nikalitazama bila kulifungua. Mkono unaoshika gurudumu la nyuma la kulia unaning'inia. Visi yake haipo. Tundu lake ni kavu kabisa, halina hata alama ya ile gundi ya bluu ya kuzuia visi isilegee, ile uliyonisumbua nikununulie, na chupa yake iko juu ya kabati hujaifungua. Gari la umeme la siku hizi lina nguvu mara tatu ya lile langu. Linatetemeka, linapata moto, na visi isiyoshikwa inatoka yenyewe mzunguko baada ya mzunguko. Hiyo ndiyo ndoki yako. Ina urefu wa punje ya mchele.

Je, Mama Véro alikulegezea visi kwa kukusalimia? Mwanamke aliyemzika mume na anayeamka kukanda unga ili watoto wake wavae unifomu! Jana nilipita kwake sokoni. Karai lake lilikuwa limejaa mikate saa ambayo kwa kawaida huwa limebaki na makombo. Alinisalimia, hakunilalamikia. Nilitaka lami inifunike.

Kwa hiyo hutaosha gari hilo. Hutaliwekea visi mpya. Kesho asubuhi, sokoni kukiwa kumejaa, utalibeba vile lilivyo, na vumbi lake na mkono wake unaoning'inia, utasimama mbele ya karai la Mama Véro, na utapiga kelele kwa sauti ileile uliyomwitia ndoki. Utawaonyesha tundu. Atakayetaka kutia kidole atie. Kisha utanunua mkate, utaupokea kutoka mkononi mwake, si mezani, utaula pale watu wakiona. Mimi nitakuwa nyuma yako, si kukutetea, bali kuona hujakimbia. Na yule aliyetema mkate aje naye, asipokuja, mimi nitampelekea mama yake miguu yangu.

Ninyi nyote, nasaha yangu ni hii, na sitaipamba. Gari likikuangusha, fungua gari. Kagua visi kabla ya mbio na baada ya mbio, kwa mkono wako, si kwa macho ya rafiki. Ukikosa kitu, omba, hata kwa aliyekucheka; aibu ya kuomba inaisha kabla ya jioni. Usitie ndani ya gari kitu ambacho utaona haya kukitaja. Na kama kosa ni lako, liseme siku ileile, likiwa bado na mafuta yake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole nimejikwaa mara nyingi, kimepona kila mara.

Haya, mwanangu, njoo karibu, hasira haijaisha lakini mkono wangu ni mkono wa koko. Mungu akupe vidole vinavyosikia na mdomo mzito kufunguka. Akupe kushinda, ukishinda usimcheke mtu. Akupe kushindwa, ukishindwa usimtafute mtu. Akutangulie kesho mpaka mbele ya karai lile, na miguu yako isigeuke njiani. Amina. Lala mapema, tunatoka saa kumi na mbili.